Breki Ngumu za Pikapu ya Dizeli: Yanayosemwa Gereji na Yaliyo Kweli

Nilikuwa natoka Manyoni na magunia ya alizeti nyuma, nateremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Bahi, mguu ulipogusa breki pedali ikakataa. Haikuzama wala haikulegea. Iligoma, kama mtu ameweka tofali chini yake. Nikarudisha gia ya tatu, nikarudisha ya pili, nikakanyaga kwa miguu miwili, gari likaja kutulia huku chini kwenye tambarare. Wiki zilizofuata nilipewa ushauri wa kila aina, mwingine kwa bei kubwa, na sehemu kubwa ya ushauri huo haikuwa kweli. Pikapu za dizeli za umri wa hii yangu ndizo zinazobeba zabibu za Mpunguzi, mahindi ya Kibaigwa na mchanga wa ujenzi hapa mjini Dodoma, na maneno yale yale nayasikia yakirudiwa kwa wenzangu. Nimeona niyaandike, na kila moja nilipe jibu lake.

"Pedali ikiwa ngumu, busta imekufa. Nunua nyingine."

Hili ndilo lililonigharimu. Busta ni lile kopo kubwa la duara lililokaa kati ya pedali na masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki kwenye mabomba. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira, kimetanda kama ngozi ya ngoma, kinachogawa kopo pande mbili. Injini ikiwaka, hewa ya pande zote mbili inanyonywa. Ukikanyaga pedali, upande wa dereva unafunguka na hewa ya nje inaingia, upande wa mbele unabaki na vakyumu, yaani utupu wa hewa iliyonyonywa, na tofauti hiyo ndiyo inayokisukuma kiwambo mbele kukusaidia. Kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 23, kikipata vakyumu ya inchi 20 za zebaki, kinasukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 280. Hakuna mguu wa mtu unaotoa nguvu hiyo kila kwenye tuta la barabarani.

Sasa, vakyumu hiyo busta huletewa kwa mpira kutoka kwenye injini. Isipoletewa, hata busta mpya ya dukani itakuwa kopo tu, kama ile niliyofunga mimi: pedali ilibaki ngumu vilevile, na pesa imeshatoka.

Kabla hujanunua chochote, pima. Vipimo ni vitatu na havihitaji hata spana. Cha kwanza: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano hivi mpaka pedali iwe ngumu, kisha ishikilie chini na uwashe gari. Pedali inapaswa kuzama kidogo injini inaposhika. Isipozama, msaada haufiki au busta haiupokei. Cha pili: acha injini iungurume dakika moja au mbili, zima, halafu kanyaga taratibu mara tatu kwa nguvu ileile. Mara ya kwanza pedali iende chini zaidi, ya pili na ya tatu ipande kidogo kidogo. Ikiwa ngumu tangu mara ya kwanza, vakyumu haikuhifadhiwa. Kuna mahali panapopitisha hewa. Cha tatu: injini ikiwaka, kanyaga na ushikilie, zima gari bila kuachia, hesabu sekunde 30. Pedali ikikusukuma mguu juu, hapo sasa una sababu ya kuitilia shaka busta yenyewe.

"Altaneta ni ya umeme, haihusiani na breki."

Injini ya petroli ina mlango kwenye njia ya hewa. Ukiachia mafuta mlango unafunga, injini inavuta hewa kwa shida, na vakyumu inapatikana bure. Dizeli nyingi za zamani hazina mlango huo. Zinavuta hewa wazi muda wote. Kwa hiyo lazima ziwe na pampu ya vakyumu, na kwenye Hilux za injini ya 2L na 3L, na kwenye Isuzu za 4JA1, pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa altaneta. Shafti ya altaneta, ule mhimili wake wa katikati, inazalisha umeme mbele na inazungusha pampu nyuma. Mpira mmoja mdogo unaleta oili ya injini kulainisha pampu, mwingine unairudisha oili kwenye injini, na wa tatu ndio unaokwenda busta.

Ukilielewa hilo, mambo mengi yanafunguka. Mkanda wa feni uliolegea, unaopiga kelele asubuhi, unaweza kukunyima chaji na breki kwa pamoja. Fundi umeme anayekubadilishia altaneta kwa kukufungia ya gari la petroli, taa zitawaka vizuri kabisa, ila utaondoka bila pampu. Nimeona pia altaneta iliyosukwa upya na mpira wa kurudisha oili ukafungwa ukiwa umejikunja: oili ikakosa njia, ikajaa kwenye pampu na kuanza kuchuruzikia kwenye altaneta. Na mpira wa kuleta oili ukipasuka safarini, unamwaga oili ya injini yenyewe. Mwenye gari anadhani ana tatizo la breki, kumbe anakaribia kuua injini. Kila altaneta inapoguswa, rudia kile kipimo cha kwanza kabla hujatoka getini kwa fundi. Ni nusu dakika.

"Ingekuwa inavuja hewa, injini ingetetemeka."

Huu ni ujuzi wa petroli uliohamishiwa kwenye dizeli. Kwenye petroli, mpira wa busta ukitoboka, hewa ya ziada inaingia kwenye injini na mlio unabadilika. Kwenye dizeli yenye pampu yake, mpira unaweza kuwa na ufa wa kuingiza kidole na injini ikaunguruma kama kawaida. Sikiliza mwenyewe: zima redio, mtu akanyage breki, wewe fuata mpira kwa sikio ukitafuta mlio wa kufyonza. Usitegemee mapovu ya sabuni kama kwenye tairi, maana hapa hewa inaingia, haitoki.

Katikati ya mpira huo, au pale unapochomekwa kwenye busta, kuna valvu ndogo ya kuzuia hewa isirudi. Ichomoe uipulize kwa mdomo. Kutoka upande wa busta kwenda upande wa pampu hewa ipite. Ukigeuza, isipite hata kidogo. Ikipita pande zote, busta haitunzi akiba, na gari likizimika barabarani utakuwa na pedali ngumu papo hapo. Tena oili ya pampu inaweza kurudi kwenye mpira na kuingia ndani ya busta. Kifaa kidogo, na watu hawakiangalii kabisa.

"Mpira wowote unaoenea unafaa."

Hapa ndipo tatizo langu lilipopatikana. Zamani mtu alikuwa ameweka mpira wa kupitishia mafuta, laini, wa ukuta mwembamba. Ukiwa baridi ulifanya kazi. Injini ikipata moto, mpira ukalainika, ukanyonywa mpaka kuta zake zikagusana, njia ikafungwa. Ndiyo maana gereji asubuhi breki zilikuwa nzuri na mchana wa jua nikiwa na mzigo zinagoma. Fundi mzee mmoja wa Kizota aliubana kwa vidole injini ikiwa moto, akanitazama, akasema, "Mwanangu, huu ni mpira wa kumwagilia bustani." Kinachotakiwa ni mpira wa vakyumu wenye ukuta mnene, usioogopa joto wala oili, wenye kipenyo kinacholingana na vichomeo vyake. Busta yangu ya kwanza haikuwa na kosa lolote.

"Geji haijafika namba ya kitabuni, pampu imechoka."

Anayemiliki geji ya vakyumu tayari ameshawazidi wengi, nampongeza. Lakini namba za vitabu mara nyingi zimeandikwa kwa usawa wa bahari, na Dodoma iko takriban mita 1,120 juu yake. Hewa yetu ni nyepesi kidogo: uzito wake hapa unasimamisha zebaki inchi 26 hivi, wakati pwani ni karibu 30. Pampu haiwezi kunyonya kilichozidi kilichopo. Kwa hiyo pampu inayosoma 26 ikiwa Dar es Salaam itasoma karibu 22 ikifika hapa, nayo ni nzima ileile. Angalia zaidi inachukua muda gani kufika huko baada ya kuwasha, na inakaa palepale au inashuka. Pampu nzima hupanda haraka na hutulia. Inayopanda kwa kusitasita, na kushuka kila ukikanyaga breki bila kurudi upesi, hiyo ndiyo iliyochoka, ilimradi umeichomeka geji kwenye pampu moja kwa moja bila busta kuwa kwenye njia.

"Breki ikigoma, pampu pedali."

Inategemea imegoma vipi, na kuchanganya hapa ni hatari. Pedali laini inayozama ina tatizo la mafuta ya breki: hewa imeingia kwenye mabomba, kuna panapovuja, au masta silinda imechoka. Hiyo ukiipampu inaweza kupanda na kukusimamisha. Pedali ngumu imekosa vakyumu, na kila ukiachia na kukanyaga tena unaingiza hewa mpya na kumaliza akiba iliyokuwa imebaki. Hiyo kanyaga mara moja, kwa nguvu zako zote, usiachie, huku ukirudisha gia, na breki ya mkono uivute taratibu. Breki bado zipo. Busta ikifa unapoteza msaada tu. Mabomba na viatu vya breki magurudumuni vinakungoja uvisukume kwa mguu mzito.

Na kwa sababu hiyohiyo, kutoa upepo kwenye mabomba ya breki hakuponyi pedali ngumu. Nimelipia kazi hiyo mara mbili.

"Mafuta ya breki yanapungua lakini hayavuji popote. Ongeza tu."

Yanavuja, ila hujaona yanakokwenda. Sili ya nyuma ya masta silinda, ile raba ya kuzuia mafuta yasivuje, ikilegea, mafuta yanafyonzwa na busta yenyewe, na magurudumu yanabaki makavu kabisa. Yakikaa humo yanaharibu kiwambo, na pampu inaweza kuyavuta mpaka kwenye oili ya injini. Fungua nati mbili za masta silinda, isogeze mbele kidogo bila kukunja mabomba, uangalie kama nyuma yake kumelowa.

Wanaoongeza oili ya injini kwenye kikopo cha breki wakati wa dharura wanaumiza gari zima: oili hiyo inavimbisha sili zote za breki, na dawa yake baadaye ni kubadilisha sili zote na kusafisha mabomba. Kuongeza maji nako hakufai, maana breki hupata moto: maji yanachemka hapa Dodoma kwenye nyuzi 96 hivi, wakati mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huvumilia angalau 205.

"Mteremkoni weka nyutro, unaokoa dizeli."

Gari likiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, pampu ya dizeli inakata mafuta karibu yote, na mgandamizo wa injini unakushikilia. Ukiweka nyutro unaunguza dizeli ya kuiwezesha injini iungurume tu, unaachia uzito wote kwenye breki, na pampu ya vakyumu inazunguka polepole wakati unapoihitaji zaidi. Wanaozima kabisa ndio wananitisha. Injini ikisimama, pampu imesimama. Busta nzima ina akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, basi. Mteremko wa Nyang'oro, ukitoka Iringa kuja Mtera, hauishi kwa kukanyaga mara tatu. Mimi sasa nasimama juu kabla ya kushuka, nafanya kile kipimo cha kwanza nikiwa palepale kwenye bega la barabara, nasikilizia pedali izame chini ya mguu, ndipo naingiza gia ya tatu.