Kwa nini Altezza ya otomatiki imepungukiwa nguvu farasi 10

Toyota Altezza RS200 ina injini ya 3S-GE ya lita 2, lakini katalogi ya Japani inatoa namba mbili: yenye gia za mkono nguvu farasi 210, ya otomatiki 200. Gereji zina maelezo mengi ya jambo hili, na yanayosikika zaidi ndiyo yenye makosa.

Dhana: Giaboksi ya otomatiki imekula hizo 10.

Ukweli: Giaboksi ya otomatiki inakula nguvu kweli. Pampu yake ya mafuta inazungushwa na injini, na toki konveta, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi, hupoteza kiasi kwa kuwa nguvu inapita kwenye mafuta badala ya klachi kavu. Ila hasara hiyo huonekana kwenye matairi. Namba ya katalogi hupimwa kwenye injini yenyewe, kabla nguvu haijaingia kwenye giaboksi. Namba zikitofautiana, basi injini hazifanani.

Ndivyo ilivyo kwa Altezza. Ile ya gia za mkono ina vali (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi) za titani, pana na nyepesi, na hufika kileleni kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika; ya otomatiki huishia 7,000. Sasa tazama toki, ile nguvu ya kuzungusha: zote zina kilogramu-mita 22, lakini ya mkono huzipata kwenye mizunguko 6,400, ya otomatiki kwenye 4,800 tu. Wahandisi wameishusha nguvu hadi pale mguu wa dereva wa mjini unapofika kila siku. Kwangu huo ni uamuzi wa busara, kwani wengi hawaigusi 7,000 hata mara moja kwa mwezi.

Dhana: Ukifunga giaboksi ya mkono, zile 10 zinarudi.

Ukweli: Hazirudi. Gari litachangamka kwa sababu upotevu wa njiani umepungua, lakini vali ni zilezile. Fundi akikuahidi 210 kwa kubadilisha giaboksi peke yake, usitoe hela yako.

Dhana: Otomatiki hupunguziwa nguvu kwa sababu ni ya wasiojua kuendesha.

Ukweli: Kila giaboksi ina kikomo cha toki inayoweza kuhimili, ukipita hapo, inaungua. Mitsubishi Lancer Evolution VII GT-A ya mwaka 2002, yenye otomatiki, ilikuwa na nguvu farasi 272 dhidi ya 280 za GSR, ndugu yake wa gia za mkono, na toki ilishushwa kutoka kilogramu-mita 39 hadi 35.

Dhana: Otomatiki daima ndiyo dhaifu.

Ukweli: BMW M3 ya kizazi cha G80 inapouzwa Marekani na gia za mkono ina nguvu farasi 473. M3 Competition, ambayo huja na otomatiki pekee, ilianza na 503, na toki yake ni niutoni-mita (Nm, kipimo kingine cha toki) 650 dhidi ya 550.