Je, wajua kwa nini bawa imara la ndege liliweza kujivunja lenyewe angani?

Katika miaka ya 1930 marubani wa majaribio walikuwa wakifa kifo cha aina moja ambacho watu wengi walishindwa kukieleza. Ndege mpya, injini nzima, anga shwari. Rubani anaongeza kasi kidogo kuliko alivyofanya siku zilizotangulia. Bawa linaanza kutetemeka, mtetemo unakua kufumba na kufumbua, na kabla hajawahi kupunguza mwendo bawa limeshang'oka. Waliokuwa chini wakitazama walidhani ndege imelipuka.

Balaa hili halikuwa la nchi moja. Ujerumani, ndege ya kwanza kabisa ya aina ya Junkers Ju 90 ilisambaratika angani Februari 1938, ikiwa kwenye majaribio ya mtetemo huohuo. Mafundi wa ndege wanauita flata. Na mmoja wa watu waliouchambua hadi ukatibika alikuwa kijana wa Kisovieti ambaye hakuwahi kubuni ndege hata moja. Alikuwa mwanahisabati. Jina lake Mstislav Keldysh.

Kwanza tuelewe kilichokuwa kinatokea, kwa sababu bila hapo huwezi kuona ukubwa wa alichokifanya.

Bawa la ndege halikai gumu kama jiwe. Linanepa: ncha yake inapanda na kushuka. Pia linajisokota: ukingo wake wa mbele unaweza kuinuka huku wa nyuma ukishuka, kisha kinyume chake. Miendo hii miwili kila mmoja una mdundo wake wa asili. Ndege ikienda polepole, hewa yenyewe inaituliza. Bawa likitaka kupanda, hewa inalikandamiza. Likitaka kushuka, hewa inalizuia. Mtetemo unakufa.

Kasi inapoongezeka, hewa inaanza kubadilisha midundo hiyo. Mdundo wa kunepa na ule wa kujisokota inasogeleana mpaka inashikamana, na bawa sasa linafanya yote mawili kwa pamoja. Hatari iko katika mpangilio. Wakati bawa linapanda, ukingo wa mbele unakuwa umeinuka, kwa hiyo upepo unalipiga kutoka chini na kulisukuma lizidi kupanda. Likigeuka kushuka, ukingo wa mbele unakuwa umeinama, na upepo unalisukuma lizidi kushuka. Hewa ileile iliyokuwa ikituliza sasa inachochea. Kila mzunguko bawa linachota nguvu kutoka kwenye upepo unaopita, na nguvu hiyo haina pa kwenda ila kukuza mtetemo. Ipo kasi fulani ambayo chini yake uko salama, na ukiivuka kidogo tu, umekwisha. Ndiyo maana marubani hawakupata onyo la maana. Jana ndege ilikuwa tulivu, leo imevunjika, na tofauti ya mwendo haikuwa kubwa.

Wahandisi wengi walifikiri jibu ni kuongeza chuma. Bawa likivunjika, lifanye nene zaidi. Wakati mwingine ilisaidia, kwa sababu bawa gumu husogeza mbele ile kasi ya hatari. Lakini ndege ikawa nzito, na ndege ya kivita iliyo nzito ni mzigo. Tatizo lenyewe lilibaki palepale, limesogezwa tu.

Keldysh alizaliwa Riga mwaka 1911, mji uliokuwa wakati huo ndani ya himaya ya Urusi. Baba yake, Vsevolod, alikuwa profesa wa uhandisi wa ujenzi na bingwa wa zege. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika karibu mwaka 1915, familia ikahama. Mstislav alitaka kuwa mjenzi kama baba yake, lakini akiwa na miaka 16 alikataliwa kwa kuwa bado mdogo. Akaenda Chuo Kikuu cha Moscow kusoma hisabati, fani ambayo dada yake Lyudmila alikuwa ameshaizamia. Naye Lyudmila alikuja kuwa mwanahisabati mkubwa kwa haki yake mwenyewe. Mwaka 1931 Mstislav akahitimu, akapelekwa kufanya kazi TsAGI.

TsAGI ni taasisi kuu ya Urusi ya sayansi ya hewa na mwendo wake, iliyoanzishwa Desemba 1918 na Nikolai Zhukovsky, wakati nchi iko katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Keldysh alipoingia, aliyekuwa akiongoza upande wa nadharia ni Sergey Chaplygin, mwanahisabati mwingine. Napenda sana jambo hili la TsAGI: walimweka mtu wa kalamu na karatasi jengo moja na mtu wa spana. Mwaka 1935 Keldysh na rafiki yake Mikhail Lavrentyev walichapisha nadharia ya bawa linalotetemeka, wakaonyesha kwamba katika hali fulani bawa linalopigapiga huzalisha msukumo wa kwenda mbele. Walikuwa tayari wanapiga hesabu ya jinsi nguvu zinavyopita kati ya hewa na bawa, na huo ndio mzizi wa flata.

Haki itendeke: hakuwa peke yake duniani. Marekani, Theodore Theodorsen alichapisha mwaka huohuo wa 1935 nadharia ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo. Lakini matokeo ya siri za nchi moja hayakuwa yakimfikia fundi wa nchi nyingine kwa urahisi, na nadharia iliyo safi kwenye karatasi haimwambii fundi wa kiwandani afanye nini kesho asubuhi. Kazi ya Keldysh na wenzake, hasa Evgeny Grossman, ilikuwa kuziba pengo hilo. Waligeuza milinganyo mizito kuwa njia ya kukokotoa kasi ya hatari ya ndege fulani kabla haijaruka. Wakatengeneza vielelezo vidogo vyenye uzito na unyumbufu unaolingana na ndege halisi, wakaviweka kwenye handaki la upepo, yaani njia iliyofunikwa inayopulizwa hewa kwa kasi, na kuviacha vivunjike humo badala ya kumwua rubani.

Na tiba waliyoisisitiza ilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Tazama nyuma ya bawa la ndege ya abiria ukiwa umekaa dirishani. Karibu na ncha kuna kipande kinachopanda na kushuka kwenye bawaba zake, kinaitwa eleroni. Ndicho kinachoilaza ndege upande mmoja inapokata kona. Kipande hicho kikiwa kizito kwa nyuma, bawa linaporushwa juu kwa ghafla kinabaki nyuma, yaani kinaning'inia chini. Kikining'inia chini kinaliongezea bawa nguvu ya kupanda. Bawa likishuka, kinafanya kinyume. Kwa hiyo eleroni yenyewe inakuwa mchochezi. Sasa chukua kipande cha risasi, yale madini mazito, kifunge mbele ya bawaba ili uzito wa mbele ulingane na wa nyuma. Bawa likipanda, eleroni haichezi. Mchochezi amekufa. Kilo chache za madini zilizowekwa mahali sahihi zinafanya kazi ambayo chuma kingi kilichowekwa ovyo hakiwezi. Lakini kujua mahali sahihi, na kiasi gani, hapo ndipo hesabu inapohitajika.

Mazingira aliyofanyia kazi hii yalikuwa ya kutisha. Mwaka 1937 ajali ya ndege haikuchukuliwa kuwa ajali tu. Ingeweza kuitwa hujuma. Oktoba mwaka huo Andrei Tupolev, mbunifu mkubwa kuliko wote nchini na mtu wa TsAGI tangu mwanzo, alikamatwa. Nyumbani kwa akina Keldysh, kaka yake Mikhail, aliyekuwa mwanahistoria, alikamatwa mwaka 1936 na kupigwa risasi mwaka uliofuata. Kijana mwenye miaka 26 anaendelea kukokotoa mitetemo ya mabawa ya dola lilelile. Siwezi kupita juu ya hilo kana kwamba ni jambo dogo.

Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, yeye na Grossman walipewa Tuzo ya Stalin kwa kazi ya flata.

Kisha likaja tatizo la pili, la ardhini. Ndege za zamani zilikuwa na gurudumu dogo mkiani. Zilipoanza kuwekewa gurudumu chini ya pua, likazuka jambo jipya: kwenye kasi fulani barabarani gurudumu hilo lilianza kuyumba kulia na kushoto kwa nguvu za ajabu, likivunja mguu wake. Wanaita shimi. Kama umewahi kusukuma toroli la dukani lenye gurudumu moja linalotapatapa, umeona jambo lenyewe kwa udogo wake. Wengi walidhani ni bawaba zilizolegea au barabara mbovu. Keldysh aliangalia tairi. Tairi lililojazwa upepo linapobingirika huku likisukumwa pembeni, sehemu inayogusa ardhi inajipinda, na kujipinda huko kunaendelea kuliongoza gurudumu hata baada ya msukumo kwisha. Linavuka mstari wa katikati, linapindwa upande wa pili, linarudi tena kwa nguvu zaidi. Katika andiko fupi la mwaka 1945 alieleza mwendo huo kwa milinganyo michache na kumwonyesha mbunifu jinsi ya kuuzima, ikiwemo kiasi gani cha ukinzani mguu unahitaji, kazi ambayo kwenye gari tungempa shokomzoba. Andiko hilo likamletea Tuzo ya Stalin ya pili, mwaka 1946.

Ukiniuliza mimi, shimi ndiyo inayomwonyesha Keldysh kwa uzuri zaidi kuliko flata. Flata ilikuwa na wakubwa wengi waliokuwa wakiikimbiza. Gurudumu linaloyumba lilionekana ni kazi ya fundi mwenye grisi mikononi, na yeye alikaa nalo kwa uzito uleule.

Baada ya vita maisha yake yaliingia kwenye siri. Mwaka 1946 alikabidhiwa taasisi ya utafiti wa roketi, na pia akaongoza kundi la mahesabu ya mradi wa silaha za nyuklia. Mwaka 1953 akaanzisha Taasisi ya Hisabati Tumizi jijini Moscow, ambako ilisimikwa Strela, mojawapo ya kompyuta za kwanza za nchi hiyo. Mwaka 1954 alikuwa pamoja na wahandisi wa roketi Sergei Korolev na Mikhail Tikhonravov katika kupeleka pendekezo la setilaiti serikalini, na Oktoba 4, 1957 Sputnik, setilaiti ya kwanza kutengenezwa na binadamu, ikaruka. Taasisi yake ndiyo iliyokokotoa njia ya Luna 3, chombo kilichozunguka nyuma ya Mwezi Oktoba 1959 na kupiga picha za upande ambao binadamu hakuwahi kuuona. Njia hiyo ilitumia mvuto wa Mwezi wenyewe kukikunja chombo kirudi kupita juu ya Dunia mahali ambapo minara ya Kisovieti ingeweza kupokea picha. Ilikuwa mara ya kwanza mvuto wa gimba la angani kutumiwa hivyo.

Magazeti yaliandika habari za mtu anayeitwa Mwananadharia Mkuu wa safari za anga, bila jina. Korolev naye alikuwa Mbunifu Mkuu tu, na wananchi walilijua jina lake alipokufa, Januari 1966. Keldysh alikuwa na hali ngeni zaidi: kuanzia Mei 1961 alikuwa Rais wa Akademia ya Sayansi, picha yake iko magazetini, anapokea wageni kutoka nje, na bado msomaji hakuambiwa kwamba huyo ndiye yule Mwananadharia. Alishika cheo hicho hadi 1975. Ni katika kipindi chake sayansi ya jenetiki, iliyokuwa imekandamizwa kwa miaka mingi na Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyeungwa mkono na watawala, ilirudishiwa heshima yake nchini. Hata hivyo cheo kilikuwa na mipaka yake. Mwaka 1970 mtoto wa dada yake Lyudmila, Sergei Novikov, alishinda Medali ya Fields, tuzo kubwa kabisa ya hisabati, lakini akanyimwa ruhusa ya kusafiri kwenda Nice kuipokea, na mjomba wake ndiye Rais wa Akademia.

Afya yake ilizorota. Januari 1973 daktari bingwa wa upasuaji kutoka Marekani, Michael DeBakey, alisafiri hadi Moscow kumfanyia upasuaji wa mishipa ya damu, jambo zito katikati ya Vita Baridi. Keldysh alifariki Juni 24, 1978, na majivu yake yakawekwa katika ukuta wa Kremlin.

Meli ya utafiti wa bahari yenye jina lake ndiyo iliyobeba vyombo vya kuzamia vya Mir vilivyofika kwenye mabaki ya Titanic. Kuhusu flata, sheria haijalegea hata leo. Ndege mpya ya abiria haipewi kibali mpaka watengenezaji waonyeshe kwamba mtetemo huo hautatokea hata ndege ikizidi kwa asilimia 15 kasi ya juu kabisa ya kupiga mbizi iliyobuniwa kuihimili. Kwanza wanaitikisa ikiwa imesimama ardhini kwa mashine maalumu, imejaa vipimo kuanzia puani hadi mkiani, ili wasome midundo ya kunepa na ya kujisokota. Kisha rubani wa majaribio anaipeleka juu, anapandisha kasi hatua kwa hatua, na katika kila hatua wanausubiri mtetemo ufe kabla ya kumruhusu aongeze tena.