Kiumbe modeli ni nini, na kwanini maabara nyingi zinang'ang'ania mnyoo yuleyule

Ukisikia watu wa jenetiki, yani elimu ya urithi, wanataja kiumbe modeli, wengine husema kiumbe kielelezo, usidhani ni kiumbe bora kuliko vingine au kinachofanana sana na binadamu, hapana. Ni kiumbe ambacho watafiti wa vyuo mbalimbali wamekubaliana kukitumia hichohicho, ili alichokiona mmoja kwenye maabara yake mwingine aweze kukiangalia kwake. Kwangu mimi hapo kwenye kukubaliana ndo penye maana yenyewe, na ndo panaporukwa kwenye maelezo mengi, unaambiwa tu ni kiumbe kidogo kinachozaliana haraka basi.

Kuzaliana haraka kunasaidia kweli. Inzi wa matunda kwenye joto la nyuzi 25 anatoka yai mpaka inzi kamili kwa siku kama 10 hivi, kwahiyo vizazi vitano unavimaliza ndani ya miezi miwili. Mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliona kwenye chupa zake dume moja lenye macho meupe badala ya mekundu, akalipandisha, watoto karibu wote wakatoka na macho mekundu, alafu kwa wajukuu weupe ukarudi tena kwa madume peke yao, hapo ndo akaanza kuelewa kwamba hiyo jeni, yani kipande cha urithi kinachobeba sifa hiyo, inaenda pamoja na kromosomu ya jinsia, ule uzi wa urithi unaohusika na kuwa dume au jike.

Ila anayenivutia zaidi ni mnyoo C. elegans, urefu wake kama milimita 1 na mwili wake unapitisha mwanga. Mwanabiolojia Sydney Brenner wa Cambridge alimchagua miaka ya 1960, na ukoo alioutumia, yani minyoo wa uzao mmoja wanaofanana kijeni, unaitwa N2, asili yake Bristol huko Uingereza, ndo huohuo maabara za dunia nzima zinaulinganishia mpaka leo. Mnyoo aliyekomaa wa kawaida, yule mwenye jinsia zote mbili, ana seli za mwili 959, kati ya hizo 302 ni za neva, na kila moja inajulikana ilitokana na ipi toka kwenye yai. Maana yake mtu wa chuo kimoja akisema seli fulani imekosekana, wa chuo kingine anajua ni ipi na aitafute wapi. Hata jenomu yake, yani orodha nzima ya urithi wake, iliyokamilika 1998, ya kwanza kabisa kwa mnyama, walipeana kazi timu ya kituo cha utafiti cha Sanger karibu na Cambridge na ya Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis.

Sasa koo zenyewe zinakaa wapi? Za minyoo zipo kwenye benki iliyoko Chuo Kikuu cha Minnesota, zimegandishwa, maana huyu mnyoo unamgandisha leo unamwamsha baada ya miaka. Inzi ni wagumu sana kugandisha, kwahiyo kule Bloomington, Indiana, wanatunza maelfu ya koo zikiwa hai, watu wanahamisha inzi toka chupa kuukuu kwenda mpya mwaka mzima. Hiyo kazi haisemwi sana na bila hiyo utafiti mwingi usingekuwepo.

Hata hivyo ukoo ukikaa miaka mingi kwenye maabara mbili tofauti unaanza kutofautiana kidogokidogo, jina linabaki N2 lakini jeni zimepata mabadiliko, unakuta minyoo ya huku inaishi siku nyingi kuliko ya kule na kila mtu anadhani mwenzake amekosea. Ndo maana wanarudi kwenye ile iliyogandishwa zamani.

Kwa panya wameenda mbali zaidi. Kuna mpango Marekani wa kupima dawa za kurefusha maisha, kila jaribio linafanyika sehemu tatu kwa pamoja, yani Jackson Laboratory, Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Texas kule San Antonio, panya wanapandishwa kwa mpango uleule na chakula ni kilekile. Mwaka 2009 walitoa matokeo ya dawa moja iitwayo rapamaisini, panya walianza kupewa wakiwa na siku 600, ambao ni uzee kwa panya, na waliishi zaidi sehemu zote tatu. Ingekuwa maabara moja peke yake watu wangesema labda ni maji, labda ni banda, labda ni mkono wa anayewalisha.