Kimondo kikienda mbio sana si lazima kiwe mgeni

Kuna hii stori inazunguka sana, eti rada ikinasa kimondo kinachokimbia kupita kiasi basi hicho kimetoka nje ya mfumo wa jua. Jamani, hapana. Kwa umbali huu tulipo, kitu kikitaka kuliponyoka Jua moja kwa moja kinahitaji kama kilomita 42.1 kwa sekunde. Sasa chukua punje iliyobanduka kwenye kometi (nyota yenye mkia) ya Halley, ambayo obiti yake, yaani njia yake ya kuzunguka Jua, imerefuka kweli kweli, mzunguko mmoja miaka kama 76, ikifika huku kwetu inakwenda kama 41.5. Yaani tofauti ni nusu kilomita na kidogo! Halafu Dunia nayo inakimbia kama 30, kwa hiyo mkikutana uso kwa uso kama bodaboda mbili barabara moja, hesabu inaweza kufika karibu 72 na punje bado ni ya humu humu ndani. Rada ikikosea kidogo tu kupima, mwenyeji anaandikwa mgeni.

Na ubishi huu ni wa zamani, mwanaastronomia Ernst Öpik alishikilia kwamba vimondo vingi vinatoka kwenye nyota nyingine, mpaka wanasayansi kina Bernard Lovell na Mary Almond pale Jodrell Bank, kituo cha kuchunguza anga Uingereza, wakavipima kwa rada wakakuta hakuna kundi la maana linalovuka 72. Cha kuchekesha, Lovell alipopeleka rada za jeshi pale mwaka 1945 alikuwa anasaka miali ya kosmiki (chembe zenye nguvu nyingi kutoka anga za mbali), vimondo wala havikuwa kwenye mpango.

Wengine wanadhani rada inaona jiwe. Wapi! Punje nyingi ni ndogo kama mchanga, kinachorudisha mawimbi ni ule mstari wa hewa iliyochajiwa umeme ambao punje inauacha nyuma yake, kilomita kama 80 mpaka 110 juu.

Na eti vimondo ni vya usiku tu? Arietidi, kundi la vimondo wa mwezi wa sita, wanamwagika mchana kweupe, obiti yao nyembamba inapita karibu na Jua kuliko sayari ya Utaridi, na macho hayana msaada hapo, rada ndiyo iliyowagundua mwaka 1947.

Sisemi wageni hawapo kabisa. Ila rada ya vimondo ya Canada imeshachuja obiti mamilioni, na wanaobaki na dalili za ugeni unawahesabu kwa vidole.