Je, wajua kwa nini ute wa mshubiri hauna uchungu wa shubiri?

"Chungu kama shubiri," tunasema, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Lakini limenye jani la mshubiri vizuri, ulioshe, kisha uonje kipande cha ule ute mweupe wa katikati. Utakuta ni majimaji tu, yenye ladha hafifu ya jani bichi. Basi uchungu wa msemo umetoka wapi?

Umetoka chini kidogo ya ganda. Likate jani karibu na shina, ulisimamishe ndani ya glasi, upande uliokatwa ukiwa chini. Tazama pale kisu kilipopita. Baada ya muda mfupi matone ya manjano huanza kuchuruzika, si kutoka katikati, bali kwenye mstari mwembamba ulio kati ya ganda la kijani na ute. Hapo ndipo ilipo mishipa ya jani, na kando ya mishipa kuna seli zilizojaa utomvu huo wa manjano. Tone likigusa ulimi, msemo unaeleweka papo hapo.

Utomvu huo ukikaushwa hugeuka kahawia na kuwa mgumu, na huo mgando ndio shubiri iliyosafirishwa na wafanyabiashara tangu zama za kale. Kisiwa cha Sokotra kilisifika kwa shubiri yake, ingawa ya huko ilitoka kwa ndugu wa mmea huu tunaoupanda majumbani.

Uchungu wenyewe unatokana na kemikali kadhaa, hasa aloini. Nao una kazi. Mshubiri ni mmea wa nchi kavu, na jani lake ni ghala la maji: karibu asilimia 99 ya ute ni maji. Mahali penye ukame, ghala kama hilo lisilolindwa lingetafunwa lote. Mnyama anayeuma jani hili hukutana na uchungu kabla hajayafikia maji.

Hata upumuaji wake ni wa kubana matumizi. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ukaa, na hapo hapo hupoteza maji kwa jua. Mshubiri hufungua usiku, kukiwa na ubaridi, huihifadhi hewa hiyo ikiwa katika hali ya asidi, kisha mchana hufunga milango na kutengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua. Ndiyo maana huweza kukaa wiki nyingi bila tone la maji na usife.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapa ndipo watu wanapojidhuru. Ute na utomvu havitumiki namna moja. Ute hupakwa juu ya ngozi iliyochomwa na jua au iliyoungua kidogo, nao hupoza na kuizuia isikauke. Kama ni moto, tanguliza maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, ndipo upake. Jeraha lenye kina au malengelenge makubwa ni ya hospitali, si ya jani.

Utomvu ni habari nyingine. Ukimezwa husukuma utumbo kwa nguvu na kuvuta maji ndani yake, ndiyo maana zamani ulitumika kwa waliofunga choo. Lakini huleta msokoto wa tumbo na kuharisha, na ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu hupunguza madini ya potasiamu mwilini na unaweza kuumiza figo. Mjamzito asiuguse kabisa. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziondoa sokoni dawa za choo zenye shubiri zilizouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi kwamba ni salama. Kwa hiyo ninaposikia mtu anasaga jani zima na ganda lake ili anywe, roho huniuma.

Kuupanda ni rahisi mno, ila unahitaji mkono usio na haraka. Mshubiri wangu wa kwanza uliniozea kwa huruma: niliumwagilia kila siku. Tangu hapo nachimbua udongo kwa kidole, na nikikuta unyevu naondoka. Jani jembamba lililojikunja lina kiu. Jani laini lililolegea na kuanza kugeuka kahawia limezidiwa maji. Chungu chake lazima kiwe na matundu chini, na udongo uchanganywe na mchanga.

Mbegu usihangaike nazo. Mmea mkubwa huzaa machipukizi pembeni. Chukua moja lenye mizizi yake, uliache kivulini siku mbili tatu mpaka kidonda kikauke, ndipo ulipande. Hakikisha tu unajua umelitoa kwenye mmea gani, kwa sababu jamii hii ina aina zaidi ya 500 na chache kati yake zina sumu kali.

Ukivuna, kata majani ya nje, yale manene ya chini, na kiini ukiache. Simamisha jani kwenye glasi kwa robo saa hadi manjano yaishe kuchuruzika, menya, kisha suuza ute mpaka usione tena rangi yoyote.