Pampu mpya ya bwawa, RCD inayoruka, na fundi anayetaka kuitoa

Pampu imefungwa asubuhi, maji yanazunguka vizuri, na kabla ya alasiri umeme wa bwawa umekatika. Ukirudisha, unakatika tena. Fundi anafungua boksi, anaitazama kidogo RCD, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja, kisha anatoa ule ushauri ambao sisi tunaofundisha umeme tumechoka kuusikia: "Hii RCD ndiyo inayosumbua, tuiruke tu." Wenye nyumba na nyumba za wageni, kuanzia Nungwi hadi Jambiani hapa Unguja, wanaobadilisha pampu za zamani na kufunga zile za kasi inayobadilika, wasikubali.

Sababu ya kuzinunua ni nzuri. Pampu ya zamani ina mwendo mmoja, karibu mizunguko 2,850 kwa dakika, bwawa liwe chafu au safi. Hii mpya ina inveta juu ya mota: inapokea umeme wetu wa volti 230 na hezi 50, inaugeuza kuwa mkondo mnyoofu, halafu inautengeneza upya kwa masafa inayoyataka. Ukishusha kasi hadi nusu, maji yanayopita hupungua kwa nusu, lakini nguvu inayotakiwa hushuka mpaka sehemu moja ya nane. Pampu ya kilowati 1.1 ikifanya kazi saa 8 inakula yuniti 8.8. Ikienda nusu kasi kwa saa 16, maji yaliyochujwa ni yale yale. Hesabu tupu inasema itatumia wati 140 hivi; tuipe 200, kwa kuwa mota na inveta navyo vina upotevu wao. Hapo ni yuniti 3.2. Mwenye mita ya Tukuza, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Sasa turudi kwenye RCD. Kifaa hiki hulinganisha mkondo unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampia 30, kinakata. Ndani ya inveta mna chujio la umeme ambalo kwa makusudi hupeleka mkondo mdogo kwenye waya wa ethi, yaani ule unaokwenda ardhini. Pampu peke yake kwa kawaida haifikishi kiwango cha kukata. Lakini RCD moja ikibebeshwa pampu, viyoyozi viwili vya inveta, friji na mashine ya kufulia, kila kimoja kinavujisha chake kidogo, na jumla yake ndiyo inayoirusha. Dawa ni kuipa pampu laini yake kutoka mein swichi, pamoja na RCD yake ya miliampia 30. Tazama pia mchoro ulio usoni mwa kifaa: wimbi moja tupu ni aina ya AC, ambayo uvujaji wa mkondo mnyoofu kutoka kwenye inveta unaweza kuipofusha isikate siku ya hatari. Chukua aina A, F au B kwa kufuata kitabu cha pampu. Ikiendelea kuruka hata hapo, basi ina ukweli inaousema: maji yameingia kwenye boksi la maungio, au chumvi ya bahari imekula waya. Fundi apime, asikisie.

Na kwa nini tunaing'ang'ania hivi? Kwa sababu ya ardhi yetu. Upande wa mashariki wa Unguja ni maweni, mwamba wa matumbawe. Fimbo ya ethi hapo haiingii kirahisi, na kiangazi mwamba unakauka. Tuseme njia ya ethi ina upinzani wa omu 100. Umeme ukigusa gamba la pampu, mkondo utakaopita ardhini ni ampia 2.3 tu. Breka ya ampia 16 haitashtuka hata kidogo. Itabaki imewashwa kutwa nzima, gamba likiwa na umeme na mtoto akiwa majini. RCD itakata papo hapo.

Kuunganisha vyuma ni kazi nyingine, na mara nyingi husahauliwa. Ngazi, vishikio, nondo za zege na mwili wa pampu ukiwa wa chuma vifungwe pamoja kwa waya wa shaba, ili mtu akishika viwili kwa wakati mmoja asikute tofauti ya volti kati yake. Soketi za kawaida ziwe mbali zaidi ya mita 3.5 na ukingo wa bwawa.

Baadhi ya pampu huja na kitabu cha Marekani, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kule umeme wa volti 240 huja kwa nyaya mbili za moto, na kitabu kinaziita L1 na L2 bila kutaja nyutro. Kwetu unafunga moto upande mmoja na nyutro upande wa pili, na ethi kwenye skrubu yake. Kwanza lakini soma kibandiko cha mota: kama kinasema volti 115 peke yake, au hezi 60 peke yake, irudishe dukani.

Saa ya zamani ya kuwasha na kuzima isikate tena umeme wa pampu. Pampu ipate umeme muda wote, ratiba ipangwe kwenye kidude chake chenyewe. Ila mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi, ambayo awali ilizimwa na saa ile ile, usiiache na umeme wa kudumu! Ikifanya kazi maji yakiwa yamesimama, gesi ya hidrojeni hujikusanya ndani yake na inaweza kulipuka. Iunganishwe iwake pampu inapozungusha maji tu, na kihisi chake cha maji kijaribiwe kwenye kasi ya chini kabisa.

Neno kuhusu jenereta. Nyingi zilinunuliwa wakati ule Unguja ilipokaa gizani kwa miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na baadhi bado ziko uani. Jenereta ndogo ambayo nyutro yake haijaungwa na ethi huifanya RCD isione hitilafu, kwani mkondo unaovuja hauna njia ya kurudi. Fundi mwenye leseni aikague pamoja na swichi ya kubadilishia, kabla ya pampu kuendeshwa nayo.

Atakayefungua kifuniko cha inveta azime umeme, afunge swichi kwa kufuli, asubiri angalau dakika 5 au zaidi kitabu kikisema hivyo, kisha apime, maana kapasita hubaki na chaji. Kazi hiyo si ya mwenye nyumba. Yake ni kubonyeza kitufe chenye herufi T kwenye RCD kila mwezi. Isipokata, bwawa lifungwe mpaka ibadilishwe.