Chumba cha Kuvutia Sigara Hakijengeki Chini ya Makuti

Alinijia ofisini, hapa Malindi, mzee mmoja mwenye mkahawa karibu na ufuo, akiwa na futi ya fundi mfukoni na swali ambalo moyoni alikwisha kulijibu mwenyewe. "Mwanangu wakili," aliniambia, "kiwanja ni changu, banda nimelijenga mimi na leseni nalipa mimi. Vipi serikali iniambie mgeni wangu avute wapi?" Swali hilo huulizwa na karibu kila mteja wangu mwenye hoteli, baa au nyumba ya wageni, na kwa hivyo nimeona niliandikie jibu kamili. Naamini wafanyabiashara wetu wana lalamiko la haki kuhusu sheria hii, ila haliko pale wanapolitafuta.

Sheria yenyewe ni ile ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, miaka minne baada ya Kenya kuridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu jambo hilo hilo. Inakataza kuvuta bidhaa yoyote ya tumbaku mahali pa umma, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Watu wengi huteleza kwenye maneno "mahali pa umma", kwa kudhani yana maana ya mali ya umma, kama vile ofisi za serikali, stendi ya mabasi au soko. Sivyo. Mkahawa wa mtu binafsi ni mahali pa umma kwa sababu mwenyewe ameufungua ili umma uingie, na mikahawa na hoteli zimetajwa waziwazi katika sheria hiyo. Mzee wangu hajawahi kubisha afisa wa afya anapomdai vyeti vya afya vya wapishi wake, wala hajasema kwamba, kwa kuwa jiko ni lake, panya wa jikoni ni siri yake na wateja. Moshi nao unaingia katika hesabu hiyo hiyo.

Katiba ya mwaka 2010 inalinda mali katika kifungu cha 40, na wateja wangu hukikariri kifungu hicho kama Alhamdu. Wachache huendelea kusoma hadi cha 41, kinachompa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa, na cha 42, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Haki ya mali ni haki juu ya kiwanja, jengo, viti na faida. Sijaona mahali popote inapoenea hadi kwenye hewa inayoingia kifuani mwa mtu mwingine, hasa mtu ambaye mshahara wake unamlazimu aivute.

Mfanyakazi ndiye kiini cha jambo hili, ingawa mjadala wote huendeshwa kana kwamba kuna watu wawili tu, mwenye biashara na mgeni. Hoja ya "asiyependa moshi aende kwingine" ina uzito fulani kwa mgeni, kwa sababu yeye anakaa saa moja, analipa, anaondoka, na kesho anaweza kula kwingine. Mhudumu anakaa saa kumi. Anayejua Malindi anajua jinsi mvua za masika zinavyofunga hoteli nyingi kati ya Aprili na Juni, na jinsi vijana wanavyoshukuru kupata kibarua chochote Julai inapofika. Kumwambia kijana huyo kwamba ana hiari ya kutafuta mkahawa usio na moshi ni kumwambia jambo ambalo sote wawili tunajua si kweli.

Kuhusu madhara sitakaa sana, kwa kuwa hapo hakuna ubishi wa maana uliobaki. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake zaidi ya 91,000 ambao wao wenyewe hawakuvuta, na akakuta wake wa wavutaji wazito wakifa zaidi kwa saratani ya mapafu kuliko wake wa wasiovuta. Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa moshi wa wenzao.

Hofu ya kupoteza wateja naielewa zaidi kuliko hoja ya mali, kwa sababu ni hofu ya riziki. Wenye mikahawa wa hapa huniambia kwamba Mtaliano hawezi kumaliza chakula bila sigara, na kwamba ukimkataza atahamia kwa jirani. Wanasahau kwamba Mtaliano huyo, tangu tarehe 10 Januari 2005, haruhusiwi kuwasha sigara ndani ya baa wala mkahawa huko kwao. Amekwisha kuzoea kutoka nje akavuta, kisha akarudi mezani. Tena sheria ya Italia iliruhusu vyumba maalumu vya wavutaji vyenye mfumo wao wa kutoa hewa, lakini wenye baa wengi hawakujishughulisha kuvijenga kwa sababu ya gharama. Jirani naye hawezi kumnyakua mteja wako ikiwa katazo linamfunga vilevile.

Lalamiko la haki sasa. Sheria yetu inaruhusu mwenye biashara kutenga sehemu ya wavutaji, kwa sharti kwamba izibwe kabisa kutoka sakafuni hadi darini na kwamba hewa yake itolewe moja kwa moja nje bila kurudi ndani. Mzee wangu alileta futi yake kwa ajili hiyo. Nilifuatana naye hadi mkahawani na tukatazama juu pamoja. Hakuna dari. Kuna boriti za mikoko, fito na makuti, na pande tatu hazina ukuta, kwa kuwa banda lilijengwa hivyo makusudi ili upepo upite. Kulitenga eneo la wavutaji upande mmoja kunasaidia kwa kiasi ambacho upepo utakubali: wakati wa kaskazi moshi unakwenda upande huu, na kusi ikigeuka unaishia jikoni. Hoteli kubwa yenye kuta za saruji na viyoyozi inaweza kujenga chumba hicho kwa gharama isiyoiumiza. Mwenye banda la makuti hawezi hata akiuza kiwanja. (Na sisemi chochote kuhusu sigara inayowaka chini ya makuti makavu, maana mzee mwenyewe alilitaja hilo kabla yangu.)

Kwa hivyo mwanya uliowekwa ili kuwapunguzia wafanyabiashara mzigo ndio unaowabagua wadogo. Kama wangeniuliza waombe nini kwa Bunge, ningewashauri waombe ruhusa hiyo iondolewe kwa wote, ili mwenye hoteli kubwa na mwenye banda wabanwe sawasawa. Najua ushauri huu hauwafurahishi.

Ningewashauri pia waache kutegemea mahakama kwa hoja ya mali na watazame utaratibu, kwa maana huko ndiko serikali imewahi kuteleza. Desemba 2017 Waziri wa Afya wa wakati huo, Cleopa Mailu, alipiga marufuku shisha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta marufuku hiyo, ila ikataka kanuni zake zipitishwe kama sheria inavyoagiza. Januari 2024 hakimu wa Shanzu, Mombasa, aliwaachilia washtakiwa wa shisha kwa sababu agizo hilo lilikuwa halijatekelezwa. Wengine Pwani walisherehekea kana kwamba haki ya mwenye baa imeshinda, ilhali lililoamuliwa ni kwamba karatasi hazikufika zilikotakiwa, na uamuzi wa hakimu haufungi mahakama nyingine. Kampuni ya British American Tobacco ilipopinga kanuni za tumbaku za mwaka 2014, ilishindwa ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu mwaka 2019, pamoja na uwezo wake wote wa kulipa mawakili.

Mzee hakunilipa kwa furaha, lakini aliondoa visahani vya majivu mezani na kubandika tangazo kwa Kiswahili na Kiitaliano. Benchi la wavutaji alilihamishia nje, ng'ambo ya ua, karibu na wanapoegesha tuktuk. Wiki iliyofuata alipiga simu, kwa kuwa sheria ile ile inataja pia njia na veranda zinazopakana na mahali pa umma, na afisa mmoja alikuwa amesimama kwenye benchi hilo akilitazama. Tumekubaliana nikalipime mwenyewe, na nimemwambia safari hii futi naileta mimi.